Vitabu Visivyo na Maneno

Mwalimu Zuweina binti Thuwein alikuwa na mwaka wa sita akifundisha skuli ndogo ya maandalizi upande wa Shumba, kisiwani Pemba, vilipoletwa vitabu vya picha. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Vilikuja katoni mbili, na ndani yake hamkuwa na neno hata moja lililoandikwa. Kila ukurasa picha tupu: mwanamke anachota maji kisimani, mbuzi anatafuna kanga iliyoanikwa, jogoo kapanda juu ya paa la makuti.

Kabla ya kukabidhiwa, walimu waliitwa Wete kwa semina ya siku mbili. Aliyewafundisha, mzee mpole aitwaye Mwalimu Hashil, aliwaeleza kuwa msomaji wa vitabu vile ni mtoto. Mtoto aangalie, aseme anachokiona kwa maneno ya kwao, na mkubwa amsikilize, amuulize, aongeze kidogo juu ya alichokisema. Kila Ijumaa apewe kitabu kimoja aende nacho nyumbani, akakae na mama yake. Zuweina aliyaandika yote hayo kwenye daftari lake, akayapigia mstari.

Katika watoto wake alikuwamo msichana wa miaka minne, Mwanawema, binti wa Kazija. Kazija alikuwa mwanamke wa palepale kijijini, akipiga makumbi ya nazi na kusokota kamba. Mtoto huyo alijaaliwa ulimi. Siku ya kwanza alipofunguliwa ukurasa wa jogoo, alianza hadithi ambayo haikuwa na dalili ya kwisha. Alisema lile jimbi limewakimbia watu wa harusi, limepanda juu kwa sababu limesikia bibi anauliza kisu kiko wapi, na yule mbuzi ndiye aliyelipa habari. Watoto wenzake walimkodolea macho. Wengine walianza kudakia, huyu akisema bibi kakipata kisu, yule akikataa.

"Si jimbi," Zuweina alisema. "Ni jogoo. Haya, sema jogoo."

Mtoto aliutazama mdomo wa mwalimu. "Jogoo," alisema.

Zuweina alimsifu, akamwambia aendelee. Mwanawema aliitazama picha, lakini hadithi ilikuwa imemtoka. Ukurasa wa pili alisema "chula", akaambiwa chura. Wa tatu alisema "nti", akaambiwa mti, na safari hii darasa zima lilicheka.

Si kwamba Zuweina alikuwa na roho mbaya. Alipokwenda Unguja kusomea ualimu, alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na kila alipofungua kinywa kwa Kipemba chake wenzake walikuwa wakitazamana. Walimwigiza bwenini, walimwigiza mezani, mpaka akawa anaomba chumvi kwa kuinyooshea kidole. Miaka miwili ile aliukunja ulimi wake mpaka ukanyooka walivyotaka wao. Aliporudi Pemba alijiapia kuwa watoto watakaopita mikononi mwake hawatachekwa na mtu. Kwa hiyo wiki baada ya wiki aliwasahihisha, kwa upole, bila ya kiboko, na daftari la semina lilikaa kabatini.

Mwezi wa nne wakaja wakaguzi. Zuweina alinyanyua kitabu, akafungua ukurasa mmoja mmoja, na watoto wakataja kwa sauti moja: jogoo, chura, mti, kisima. Mkaguzi mkuu alifurahi. Alimwandikia kuwa watoto wake wana matamshi safi kuliko wa skuli yoyote aliyoitembelea. Mwanawema alitaja kila kitu bila ya kukosea hata kimoja. Zuweina alirudi kwao Konde siku ile akijiona amefanya kazi ya maana.

Wiki ya pili yake, Kazija alikuja skuli. Alisimama mlangoni mpaka watoto walipotoka, ndipo akaingia, akasalimu, akatoa kitabu kutoka kwenye mkunjo wa kanga.

"Nimekirejesha, Mwalimu. Usimpe tena."

Zuweina aliuliza kuna nini. Kazija alieleza taratibu, bila ya kupandisha sauti. Alisema mwanzo, baada ya sala ya alasiri, walikuwa wakikaa barazani yeye na mtoto na mama yake mzee, wakifungua kurasa, na kila siku hadithi ilikuwa nyengine. Mama yake ambaye macho hayaoni vizuri alikuwa akiuliza mbuzi leo kafanya nini, na mtoto humweleza. Walikuwa wakicheka mpaka majirani wakaja kusikiliza.

"Sasa nikisema neno ananiziba mdomo kwa mkono," Kazija alisema. "Ananambia, mama, husemi hivyo, Mwalimu kasema si hivyo. Hata bibi yake anaambiwa na mtoto hajui kusema. Mimi hicho Kiswahili chako sinacho, Mwalimu. Nikawa nanyamaza. Na yeye akanyamaza."

Zuweina alikipokea kitabu. Mikono yake, kwa mazoea ya kupokea vitabu vinavyorejeshwa, ilianza kukifungua kile kitabu ukurasa baada ya ukurasa, ikitazama kama kuna palipochanika. Alikuja kutanabahi amefika katikati, na Kazija amesimama anamtazama.

"Hakikuchanika," Kazija alisema, akaaga, akaenda zake.

Siku zile Zuweina hakupata raha. Alilitoa daftari, akayasoma yale aliyoyapigia mstari, na kila mstari ulikuwa ukimwambia jambo ambalo alilisikia kwa masikio yake mwenyewe na akalipita. Jumapili alipanda gari ya abiria kutoka Konde, akashuka Shumba, akaenda mpaka nyumbani kwa Kazija na kitabu mkobani. Alipokewa vizuri. Alitandikiwa mkeka, akaletewa chai na muhogo wa kuchemsha. Alimwita Mwanawema, akamkalisha ubavuni, akaufungua ukurasa wa paa la makuti.

"Nieleze habari ya huyu jimbi," alisema.

Mtoto alimtazama mama yake, kisha akamtazama mwalimu. Alidhani anajaribiwa.

"Si jimbi, Mwalimu. Ni jogoo."

Akakaa wima akingojea kusifiwa. Kazija aliinamia makumbi yake. Zuweina alijaribu ukurasa wa pili, na wa tatu, akiuliza mbuzi anataka nini, bibi anakwenda wapi. Kila swali lilijibiwa kwa neno moja, safi, lisilo na kasoro.

Tangu hapo alibadilika. Watoto waliofuata aliwaacha waseme watakavyo, na darasa lake likawa na kelele ambazo mwalimu mkuu hakuzipenda. Vitabu vilichakaa, vikatiwa gamu, vikaisha. Lakini Mwanawema alikwisha kuingia darasa la kwanza. Alisoma vizuri, akafaulu, akaenda Unguja, na mwisho akawa msomaji wa taarifa redioni. Watu wa Konde walimsimamisha Zuweina njiani wakimpongeza. Walisema ukimsikia yule msichana huwezi kujua katoka upande gani. Zuweina alishukuru na kuharakisha mwendo.

Mama yake Kazija alipofariki, Zuweina alikuwa amekwisha kustaafu. Alikwenda kuhani, kuwapa wafiwa pole. Mwanawema alikuwako, kafika kwa boti ya asubuhi, akiwashukuru wageni kwa maneno mazuri yaliyopangika. Kazija alikuwa uani na sinia la mchele, akichambua. Zuweina alikaa karibu yake, naye akaanza kuchambua.

"Bi Kazija, nilimkosea mwanao. Na wewe nilikukosea."

"Ulimtakia mema," Kazija alisema. "Kafika alikofika. Ananipigia simu kila wiki, hakosi. Ila tukimaliza salamu tumemaliza. Namsikia anakaa kutafuta la kusema, na mimi nakaa kutafuta, mpaka anasema haya mama, kwaheri."

"Nilikuwa najua," Zuweina alisema. "Nilifundishwa Wete kuwa nimwache aseme. Niliandika."

Mkono wa Kazija ulisimama juu ya mchele. Alimtazama Zuweina kwa mara ya kwanza tangu alipoingia.

"Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa najiambia kuwa hukujua."

Mtu alimwita ndani, naye akajipangusa unga wa mchele kwenye kanga, akanyanyuka. Zuweina alilivuta sinia karibu na miguu yake, akaendelea kutoa chuya peke yake, mpaka wanawake wa jikoni walipokuja kuuchukua mchele.