Taa ya Mimea

Mtaalamu hakuwa mtaalamu wa chochote mpaka aliponunua tangi la samaki. Kabla ya hapo alikuwa karani wa leseni, mtu wa kwenda kazini na kurudi, na mkewe, fundi cherehani, aliishi naye bila kero kubwa. Kisha likaja tangi, likaja na mimea ya majini, na mimea ikaja na taa. Baada ya wiki tatu mwenzetu alikuwa na daftari, kipimajoto na maneno magumu. Majirani walimwita Mtaalamu kwa utani, yeye akaitika kwa dhati.

Tangi lilihitaji soketi, na soketi nzuri ya sebuleni ilikuwa dirishani, palipokaa cherehani. Korido nayo ilikuwa na soketi, lakini wageni hawapokelewi koridoni, na tangi lisiloonwa na wageni lina faida gani? Basi cherehani ndiyo iliyohamishiwa koridoni, chini ya globu moja iliyochoka. Wiki iliyofuata Mtaalamu akasoma kwamba jua huotesha mwani, ule ukijani wenye utelezi unaokaba majani na kuchafua kioo. Akavuta pazia zito, akalibana kwa pini za mkewe. Dirisha zuri kuliko yote ya nyumba ile likazibwa, na aliyekuwa akilitumia akakaa gizani, kwa heshima ya samaki kumi na mmoja.

Mwani ukaota vilevile. Taa iliwaka kwa muda wa saa kumi kila siku kwa swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe, na Mtaalamu hakutaka kusikia habari ya kuipunguza. Hoja yake ilikuwa kwamba mimea ikishiba mwanga itaushinda mwani kwa nguvu zake. Alitia dawa, akabadili maji, akanunua konokono wa kusafisha kioo, kisha akawasema konokono kwa uvivu. Siku moja fundi alimuuliza kama mwanga wenyewe haujazidi. Mumewe alimtazama kwa huruma, akamfafanulia mpaka chakula kikapoa.

Fundi alikuwa na yake ya kumkosesha raha. Alikuwa anashona majoho arobaini ya mahafali ya chuo, meusi, kwa uzi mweusi, chini ya globu ile. Mawili yalirudishwa kwa sababu mshono ulikwenda upande, na mwalimu aliyeyaleta alisema kwa upole kwamba likirudi la tatu, kazi itapelekwa kwa fundi mwingine. Miaka ishirini ameshona, na hakuna aliyewahi kumrudishia hata kifungo. Siku hiyo alilia, joho likiwa mapajani. Alipofuta macho akaona sebuleni ile taa nyeupe, kali, inamwagikia magugu.

Kesho yake saa tano, mume akiwa kazini, aliinyanyua taa ile akaitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Akaona kila uzi. Saa tisa akairudisha, akapangusa alama za vidole. Siku mbili za kwanza alijiona mwizi. Siku ya tatu alisahau kujiona hivyo, na majoho yakaanza kutoka yamenyooka.

Wiki nne baadaye kioo kikatakata. Mimea ikasimama mibichi, bila utando. Mtaalamu aliamini konokono wamesikia maonyo. Kichwa kikamvimba, akaenda kwenye chama chao cha wafugaji wa samaki wa mapambo, akawahutubia wenzake: saa kumi za taa kila siku, bila kukosa hata dakika. Wenzake wakafuata, na matangi yao yakageuka rangi ya mlenda. Wakasema hawataki maneno tena, wanataka kuona. Mtaalamu akaomba ruhusa kazini, akawaleta wanachama watano siku ya Jumatano, saa saba mchana, bila kumwarifu mkewe.

Walikuta tangi safi kama maji ya kunywa, halina taa. Wakafuata mwanga mpaka koridoni, wakamkuta fundi ameinama juu ya joho la thelathini na nane, pini mdomoni, na taa ya mimea juu ya kichwa chake.

Fundi alitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kijimto. Aliogopa, lakini aliona kuwa mumewe anaogopa zaidi.

Mwenyekiti wa chama, mzee wa miwani minene, akamuuliza kwa adabu: "Shemeji, taa hii hukaa hapa muda gani?"

"Saa tano hadi saa tisa. Kila siku ya kazi."

Mwenyekiti akahesabu kwa vidole, akatoa saa hizo nne kwenye zile kumi, akapata saa sita zilizobaki kwa mimea. Wote wakamgeukia Mtaalamu. Alikohoa, akanyoosha kola, akasema huo ndio mfumo wake wenyewe, ila siku ile ya hotuba hakuueleza wote. Wakatoa kalamu, wakaandika.

Fundi angeweza kumuumbua pale pale. Maneno yalimfika kwenye ncha ya ulimi, na yalikuwa matamu. Akayameza, akachagua mengine.

"Kwa hiyo, mume wangu," alisema, "mfumo unasema cherehani ikae wapi?"

Mtaalamu akawatazama wageni, kisha mkewe. Walikuwa wameoana miaka mingi, kwa hiyo alielewa bei.

"Dirishani," alisema.

"Na tangi?"

"Koridoni. Huku hakuna jua."

Mwenyekiti aliliandika hilo pia, akalipigia mstari. Wanaume sita wakavua makoti, wakairudisha cherehani sebuleni, wakapunguza maji ya tangi kwa ndoo, wakalibeba tangi wakihema mpaka koridoni. Fundi hakungoja wamalize. Aling'oa pini zake kwenye pazia, akalivuta lote pembeni, akavuta kiti, akatia uzi mweusi kwenye tundu la sindano kwa jaribio la kwanza.