Madume Mia Mbili na Sita

Mtaani walimwita Daktari Dudu, naye kwa miaka sita alishindwa kuamua kama hiyo ilikuwa heshima au tusi. Udaktari wenyewe ulikuwa wa kweli. Cheti alikuwa nacho, joho jeusi la mahafali lilining'inia nyuma ya mlango wake kama mgeni asiyeaga, na aliweza kuzungumza dakika arobaini juu ya mguu wa nyuma wa nondo bila kunywa maji. Lakini jirani alipomletea mtoto mwenye homa, alichoweza ni kumwelekeza zahanati. "Angekuwa bua la hindi ningemtibu," alisema, akitaka kuchekesha. Mama wa mtoto hakucheka.

Aliishi kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa wa kupakatwa na ambaye hakuona sababu ya kuacha eti kwa kuwa mtoto ametimiza miaka arobaini na miwili. Nyuma ya nyumba shangazi alilima mahindi, na shamba lake lilipakana na mashamba ya wenzake hadi kwenye mfereji. Humo Daktari alitundika mmoja wa mitego yake kumi. Mtego ni ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kijani, na ndani yake kipande cha mpira kilicholoweshwa harufu ya nondo jike, yule anayezaa viwavijeshi. Nondo dume akiinusa harufu hiyo huacha shughuli zake zote, huja mbio kuposa, na hutumbukia ndooni. Kila Jumatatu Daktari alihesabu maiti za wachumba.

Kwa muda mrefu hesabu ilikuwa ya kukatisha tamaa. Tisa. Saba. Kumi na moja. Mkuu wa kituo cha utafiti, mtu wa mabega mapana na sentensi fupi, alizipokea taarifa hizo kwa adabu na kuziweka chini ya kikombe chake cha chai, meza isipate alama.

Ndipo mtego wa kwa shangazi ukachachamaa. Themanini. Mia moja na arobaini. Jumatatu ile, mia mbili na sita.

Mtu mwenye huruma na wakulima, akikuta nondo mia mbili na sita, hushika kichwa. Daktari Dudu alicheza. Alicheza palepale kwenye tuta, ndoo mkononi.

"We! Unanikanyagia maboga!" shangazi alipaza sauti kutoka uani.

"Shangazi, mlipuko! Na kitovu chake ni hapa kwako!"

"Hongera. Sasa hao wadudu wako wanakula nini? Mahindi yangu hayana hata tundu la sindano."

"Hiyo ni hatua ya mwanzo."

"Mwezi wa pili huu, bado mwanzo tu? Hata mimba hujitokeza, mwanangu."

Daktari alicheka kile kicheko cha msomi anayemhurumia asiyesoma, kicheko ambacho siku tatu baadaye angetamani kukirudisha kooni. Mitego tisa mingine, ndiyo, ilikuwa bado na saba saba na kumi kumi. Hilo nalo alilipatia jibu. Msomi hakosi jibu; hukosa swali tu.

Safari hii taarifa yake haikuwekewa kikombe. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akamwita "mwanasayansi wetu" mbele ya karani, akainua simu. Alhamisi asubuhi wangekuja wanyunyizaji kumi na wawili, mabomba mgongoni, wapulize dawa kali kuanzia kwa shangazi hadi mferejini.

Aliyekuja juu ni fundi wa maabara, mwanamke mfupi ambaye kituo kizima kilimwita Mama Nyigu. Kwa misimu mitatu alikuwa amefuga nyigu wadogo kuliko punje ya chumvi, wanaotaga ndani ya mayai ya nondo ili kiwavi asizaliwe kabisa. Mwanzoni mwa msimu aliwaachia huru katika mashamba hayohayo. Dawa ile isingeuliza nani kiwavi na nani nyigu. Alimkuta Daktari akifanyia mazoezi hotuba yake mbele ya kioo cha kabati.

"Kaka, umefungua majani? Umehesabu viwavi?"

"Mtego haudanganyi, dada."

"Mtego unahesabu madume. Dume hatagi. Nionyeshe yai moja tu."

"Yatakuja. Na usinihamishe kwenye mada. Koti langu la maabara bado halijarudi."

Koti hilo jeupe lilikuwa limepotea miezi miwili iliyopita. Daktari alikuwa na hakika aliliacha kituoni, kama alivyokuwa na hakika na mambo mengine mengi, na alikuwa amebandika ukutani karatasi iliyosema: ALIYELICHUKUA ANAJIJUA. Karatasi hiyo, kwa bahati mbaya, aliibandika juu ya meza ya Mama Nyigu.

"Koti lako nikilivaa mimi litafagia sakafu," alisema fundi. Kisha sauti ikamshuka. "Misimu mitatu, kaka. Nikawaage leo au kesho?"

Daktari alifunga kabati. Usingizi haukumjia vizuri usiku ule, ila alijiambia ni mbu.

Alhamisi kulipokucha upepo ulikuwa umevuma. Wakulima wapatao thelathini walikusanyika uani kwa shangazi, wanyunyizaji walikuwa wakichanganya dawa kwenye pipa, na mkuu alikuja amevaa tai. Mama Nyigu alisimama kando peke yake, mikono kifuani.

"Mwanasayansi wetu, tuletee huo mtego watu waone," mkuu alisema.

Daktari akaingia mahindini akinyoosha kola. Hatua mbili kutoka kwenye mtego ilisimama sanamu ya shangazi ya kutishia ndege, vijiti viwili vilivyofungwa msalaba na chungu kilichopasuka juu. Alikuwa ameipita mara nyingi akiiona na shuka lake kuukuu la maua. Leo upepo ulikuwa umelivua shuka. Chini yake sanamu ilikuwa imevaa koti jeupe la maabara, lenye doa la kalamu mfukoni ambalo Daktari alilifahamu kama kovu lake mwenyewe.

Mshituko wake wa kwanza ulikuwa wa kijinga: alitaka kwenda kuibandua ile karatasi ukutani. Wa pili ulimfikia polepole, kama baridi ya miguuni. Akashika mkono wa koti na kuukung'uta. Madume kama kumi waliokuwa wamelala humo wakaruka, wakamzunguka usoni.

Alikumbuka sasa. Kile kichupa cha harufu ya nondo jike kilichomponyoka alipokuwa akiloweka mipira yake, kikamwagika chote kifuani mwa koti. Alirudi nyumbani nalo, akalitupa kwenye beseni, akasahau. Kwa miezi miwili madume wa mashamba yote yale walikuwa wakija kulichumbia koti lake, na waliokosa nafasi mikononi mwake walitumbukia ndooni. Hapakuwa na mlipuko. Ndiyo maana majani yalikuwa mazima: wachumba walikuwapo tele, lakini bibi harusi alikuwa pamba tupu.

Kutoka pale hadi uani ni hatua ishirini. Katika hatua hizo hakuna aliyejua ila yeye. Na shetani, ambaye hajawahi kukosa digrii, alimwonyesha hesabu yote. Lirudishie sanamu shuka. Acha wapulize. Jioni nenda kalichome koti. Jumatatu mtego utakuwa na saba, viwavi wasiokuwapo watakuwa hawapo, na wewe utaitwa mwokozi wa mahindi. Mkuu atakupigia makofi. Hakuna atakayelia ila nyigu, na nyigu hawana sauti.

Akatazama uani kupitia mabua. Mnyunyizaji wa kwanza alikuwa ameshalivaa bomba lake. Mama Nyigu hakuwa akimtazama mtu. Alikuwa ameinama kwenye hindi la ukingoni, akifunua jani na kulifunika, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Daktari Dudu aliivua sanamu koti, akalivaa yeye, akatoka nalo, nondo watatu wakimfuata kama wapambe.

"Mtego uko wapi?" mkuu aliuliza.

"Ndio huu." Akajigusa kifua. "Mlipuko ni mimi."

Akaeleza yote, kichupa, beseni na sanamu, akiwa amekodolea macho viatu vyake, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akipungua kimo. Alipomaliza, mnyunyizaji mmoja alivua bomba, akakaa juu yake, akacheka mpaka akakohoa.

"Nililikuta kwenye beseni, lina doa," shangazi alijitetea. "Nikajua umelistaafisha. Sasa kumbe ndege nimewafukuza, nikakaribisha posa!" Akampigapiga nondo mmoja begani kwa mpwa wake. "Miaka yote hii naomba upate wachumba. Nilisahau kumwambia Mungu wa aina gani."

Jirani mmoja akakohoa kusafisha koo. "Wahenga walisema, kikula..."

"Koma!" shangazi alimkatiza. "Ameshalivaa mwenyewe, usimvalishe mara ya pili."

Mama Nyigu hakucheka. Aliwagawa wakulima mistari, wakafunua mahindi mia moja, jani kwa jani. Walikuta viwavi wawili, na mayai mengi meusi ambayo nyigu walikuwa wameshayamaliza. Mkuu aliyatazama, akalegeza tai.

"Pipa hilo liondoke," alisema. Kwa Daktari alisema sentensi fupi zaidi: "Andika upya."

Waliporudi kituoni Daktari aliibandua ile karatasi. Mama Nyigu alikuwa mezani.

"Dada, nimekukosea. Tena kwa herufi kubwa."

"Ndiyo," alisema fundi, akampa mfuko wa plastiki mzito. "Tia hilo koti humu ulifunge, kabla hujaolewa."

Jumatatu mtego ulikuwa na saba. Aliandika saba, akapeleka, akakiona kikombe kikirudi mahali pake pa zamani, na hakika hakuumia sana kama alivyotegemea.

Jioni ile alikuta shamba la shangazi limetulia ajabu. Ndege wote walikuwa wamehamia kwa jirani. Sanamu ilisimama wima katikati ya mahindi, chungu kichwani, imevaa joho jeusi la mahafali.

"Nguo yangu, shangazi!"

"Hiyo lakini haina harufu. Nimeinusa."

Daktari alitazama joho lilivyopepea na kunguru aliyegeuza njia angani, akakiri moyoni kwamba hii ndiyo mara ya kwanza elimu yake kulinda hindi. Akaenda kulinyoosha kola.