Akina Stojković Kumi na Mmoja

Fomu ya mtandaoni ya kuagizia mikate ya slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nianze masomo ya jioni ya kuandika programu, na siku ya pili tu ikawakataa akina Stojković wote isipokuwa mmoja.

"Milena mwanangu," Bi Radojka mwenye duka la mikate akanipigia, "isipokubali hadi saa sita, narudi kwenye daftari langu."

Nilikuwa nimeweka sharti: jina la ukoo likijirudia kwa tarehe ileile, basi mtu kaagiza mara mbili. Mimi, mzaliwa wa hapa Niš, Serbia! Nani hapa hajui kwamba slava hurithiwa kwa baba, na ndugu wote humsherehekea mtakatifu wao siku moja?

Nikalifuta. Fomu ikakataa vilevile! Kumbe nilikuwa nimelinakili kwenye kurasa tatu, limetapakaa kama soksi za mwanangu Vuk.

Nikampakata Vuk, nikayakusanya masharti yote kwenye faili moja, kila ukurasa uje kuuliza hapo. Kisha nikafuta mstari mmoja tu.

Saa sita kasoro dakika tano, simu ikalia.

"Umenifanya nini wewe! Stojković kumi na mmoja, na wote wanataka siku moja!"

"Nilirudishe lile sharti, Bi Radojka?"

"Thubutu! Njoo tukande. Na huyo Vuk mlete, nimpake unga puani."

Nilicheka hadi Vuk naye akaangua kicheko, bila hata kujua tunacheka nini.