Kwa Ray Hakuna Nyekundu

Upepo wa Februari ulilipiga joho langu la kijani kama turubai lililolegea. Nilikuwa na taji la sponji kichwani na mwenge wa plastiki mkononi, nimesimama kando ya barabara kuu ya Mansfield, Ohio, nikiwapungia madereva waje kujaziwa fomu za kodi. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, niliyekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha breki, nimegeuzwa Sanamu ya Uhuru kwa malipo ya saa. Waliokifunga kiwanda walikuwa Florida wakicheza gofu. Hilo sijalisahau.

Verlene Skaggs alitoka ofisini kwa Dolores, mwenye biashara ya fomu aliyeniajiri, akaingia kwenye gari lake, na hakuwasha injini.

Tulifanya kazi mashine kwa mashine, mimi na Verlene, kwa miaka mingi. Najua anavyokaa akiwa amechoka na anavyokaa akiwa ameumizwa. Nikagonga kioo kwa mwenge.

"Kompyuta inasema nimekula akiba yangu ya uzeeni," alisema.

"Umeila?"

"Nimeila na nini, Leland? Sijagusa hata senti."

Kiwanda kilipofungwa, akiba zetu zilihamishwa moja kwa moja hadi benki nyingine. Hela hazikupita mikononi mwa mtu. Lakini fomu ya Verlene, kwenye kisanduku kidogo ambacho hakuna anayekitazama, ilikuwa na alama ya mtu aliyetoa akiba kabla ya umri, si ya mtu aliyeihamisha. Programu ikazihesabu hela zote kuwa mapato ya mwaka, ikapachika faini juu yake, kisha ikachora mstari mwekundu kuonya kwamba rekodi ina kasoro. Kwa deni lile Verlene angeuza nyumba aliyoachiwa na mama yake. Hakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Nilishamjua mchawi kabla hajamaliza kunieleza. Dolores Wozniak.

Mwaka wa themanini na sita, tulipogoma majira yote ya baridi, mume wa Dolores alipita katikati yetu na chakula chake cha mchana mkononi, akaingia kazini. Alishakufa, Mungu amrehemu, lakini mimi husamehe polepole. Nilipokosa kazi, Dolores ndiye aliyenipa lile joho, na hata hilo nilikuwa nimelitilia shaka: nani humvalisha adui yake taji kama si kumcheka? Tena ofisi yake ilikuwa inakopesha. Mtu akiangukiwa na deni la kodi, anayemkopesha yuko hapo hapo mezani. Hesabu ikakubali. Hesabu zangu hukubali upesi nikiwa na hasira.

Nikamwambia Verlene apeleke karatasi zake kwa Ray Tackett, mhazini wetu wa zamani wa chama. Ray alikuwa anawajazia wenzake fomu bure kwenye kompyuta yake pale ukumbi wa chama, na kahawa anakumiminia. Yangu aliimaliza kabla kikombe hakijapoa. Kwa Ray hakuna nyekundu, nikamwambia.

Kisha nikaingia ndani na mwenge wangu.

Dolores hakuinua macho. Nikamwambia najua anachokifanya, anawatisha watu ili awakopeshe. Akaendelea kupanga karatasi zake mpaka nikaishiwa maneno.

"Sheria inanizuia kumwambia mteja mmoja mambo ya mwingine," alisema mwishowe. "Wewe haikuzuii. Unashinda mlangoni kwangu. Hujaona watu wa kiwanda chako wanavyotoka humu, nyuso zimewaanguka?"

Nilikuwa nimewaona. Nilidhani ni bei zake.

"Ray angemalizana nayo mara moja," nikasema.

"Muulize Ray nyekundu yake huwa inakwenda wapi, Bwana Pruitt."

Sikumuuliza. Mtu wa ofisini akinipa ukweli bure, mimi hutafuta ndoana. Lakini jambo la nyuso zile halikunitoka, na kuanzia kesho yake nikaacha kupungia magari nikaanza kusimamisha watu. Hebu fikiria, Uhuru mwenyewe anamfuata mtu kwenye maegesho akimwomba amwoneshe kisanduku. Wengine walinitukana. Hoyt, aliyekuwa akiendesha tanuri kiwandani, aliniuliza kama nimeajiriwa na serikali au na sarakasi. Ila kila aliyenifunulia karatasi, alama ilikuwa ile ile. Na kila mmoja alikwisha kupiga simu kwa kampuni iliyokuwa ikitunza akiba zetu, akajibiwa kwamba kumbukumbu ziko sawa, akajiangalie mwenyewe. Mmoja mmoja, wote walikuwa wakosaji.

Hapo sikuhitaji kufundishwa kazi. Niliwaita ukumbini, Verlene akiwa wa kwanza, tukapiga simu moja kwa pamoja, spika ya simu imefunguliwa wote tusikie, kila mtu akitaja jina lake na alama yake, mpaka binti wa upande wa pili akaomba atuitie mkubwa wake. Mkubwa alikuja na sauti ya pole. Rekodi za kiwanda chetu, fungu zima, zilikuwa zimeingizwa kwa alama isiyo yake. Bahati mbaya, alisema. Nimelisikia neno hilo kwa wakubwa wavaa tai maisha yangu yote. Mpaka leo siliamini, na ushahidi sina.

Fomu zilizosahihishwa zilifika Machi. Verlene, ambaye hakuwa amekwenda kwa Ray, aliniita ndani kwa Dolores nikashuhudie. Dolores alibadilisha alama moja tu. Mstari mwekundu ukatoweka na deni likashuka mpaka sifuri. Verlene alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Alipoviondoa, alinitazama mimi.

"Na yako ilikuwa alama gani?"

Sikuijua. Nilikuwa nimechungulia karatasi za kila mtu pale maegeshoni. Zangu alikuwa nazo mtu ninayemwamini.

Kesho yake nilimletea Dolores nakala ya fomu ambayo Ray aliituma serikalini kwa jina langu. Nilivua taji, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Aliisoma, akairudia.

"Hakurekebisha," alisema. "Ameifuta. Akiba ya miaka yako yote pale kiwandani, humu haimo. Serikali inayo nakala yake, Leland, itaona umeificha, na sahihi hapa chini ni yako."

Ray hakuniibia. Aliona nyekundu, akabonyeza pa kufuta, akanimiminia kahawa. Ningependa angekuwa ameniibia. Ningejua la kumfanya.

Dolores akageuza skrini upande wangu. Sikuwa nimemwomba.

"Kurudisha rekodi kuna ada," alisema. "Ile ile ya watu wote."

"Sijaomba punguzo."

Akaweka vidole kwenye herufi, akaniuliza jina langu kamili, lote, kama mtu ambaye hajawahi kuniona. Nikamtajia, herufi moja moja.