Sare ya Robi

Bibi Bhoke aliteremka Awendo saa tano kasoro robo asubuhi, siku ya Jumanne, akiwa na kapu lenye kuku mwekundu na unga wa wimbi. Alitoka Tarime alfajiri na kuvuka mpaka pale Sirari. Alikuja kumshukuru Truphena, mwanamke aliyejitolea kumlea mjukuu wake, Robi, ili asome Kenya. Kila muhula ripoti ilifika Tarime. Muhula uliopita Robi alikuwa wa tatu kati ya wanafunzi hamsini na mmoja.

Hoteli ya Truphena ilikuwa kando ya barabara ya matrekta ya miwa. Bibi alipiga hodi mara tatu. Hakuna aliyempokea kapu.

"Si uingie, kwani umekatazwa?" Truphena alisema bila kugeuka. Alipoambiwa mgeni ni nani, alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Wewe dani, nyanya yake Robi, na hukupiga simu?"

"Nimekuja kushukuru, mwanangu. Mmenitunzia mtoto."

Madereva waliokuwa wakinywa chai wakacheka. "Huyu mama anaongea kama taarifa ya habari," mmoja alisema.

Truphena alimtoa kuku kapuni, akamning'iniza kwa miguu na kumpeleka nyuma. Bibi alimfuata. Huko jikoni alimkuta Robi akisukuma chapati, unga umempanda hadi viwikoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo hakuna shule?"

"Ipo. Sare imeenda. Itarudi saa kumi."

Bibi alivuta kigoda, akaanza kukata vitunguu ili mtoto apunguziwe kazi. Robi alimchagulia chapati ambayo haikuungua.

Saa kumi na dakika ishirini sare iliingia: shati jeupe, sketi ya bluu, soksi na viatu, begi mgongoni. Ndani hapakuwa na mtu. Ilifuta viatu mlangoni, ikampigia Bibi goti, kisha ikaliinua kapu lake kutoka kwenye sakafu yenye maji na kuliweka juu ya kiti. Bibi aliishukuru. Shati lilikosa kifungo cha pili.

Bibi alitoa daftari ndani ya begi. Mwandiko ulikuwa mzuri. Alimwomba Robi amsomee.

Robi alifuta mikono, akautazama ukurasa kwa muda mrefu. "Herufi nazijua, Bibi. Maana yake anajua sare."

Bibi alirudi mbele kwa Truphena. "Mwanangu, mwache aende mwenyewe, hata kesho tu."

"Na chapati zisukumwe na yunifomu? Tulijaribu. Inachafuka."

"Walimu wake wanasemaje?"

"Wanaipenda. Haipigi kelele, haiombi ruhusa ya choo. Unataka nini tena? Namba tatu!"

"Basi nitarudi na Robi nyumbani."

"Mbebe. Lakini yunifomu inabaki. Ndiyo imeandikishwa mtihani wa Novemba. Ukimtoa huyu, naitia kwa moto. Atarudi Tarime na nini? Unga kwa mikono?"

Madereva hawakucheka safari hii. Waliomba chai zaidi.

Robi alikuwa amesimama mlangoni na sahani. "Umebaki muhula mmoja, Bibi," alisema. "Cheti kitakuwa na jina langu."

Bibi alimtazama mpaka Robi akainamisha macho. Kisha akakata kifungo kimoja cha blauzi yake, akaomba sindano na kukishona kwenye shati. Sare ilisimama wima, ikimngojea amalize.

"Hapa hakuna kitanda," Truphena alisema. "Steji iko hapo mbele."

"Nimsindikize?" Robi aliuliza.

"Na hawa watu watapewa chai na nani?"

Kwa hiyo sare ndiyo iliyobeba kapu. Ilitembea polepole kwa ajili ya magoti ya Bibi, ikikaa upande wa matrekta. Kwenye steji ilimshika kiwiko alipopanda gari.

"Soma kwa bidii," Bibi aliiambia, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuambiwa.

Ilimpungia mkono mpaka gari likaondoka. Kisha ikageuka, ikarudi mbio kidogo, kwa sababu ilikuwa na kazi ya Kemia, na Robi alikuwa na unga wa kesho wa kukanda.