Nywele Zenye Kiu

Msusi hakukosea. Hilo liwekwe wazi mapema, maana baadaye mtaa mzima ulisema alikosea, na wengine walimhurumia kabisa. Mwanamke aliyekaa miaka kumi na tisa akivuta unywele wa kila mteja kabla ya kumchagulia kondishena hawezi kuja kukosea kwenye kichwa cha mdogo wake wa damu.

Kanuni yake wateja waliijua kwa moyo. Aliokota unywele mmoja, akaulowesha, akaushika ncha mbili na kuuvuta polepole. "Ukirefuka kama mpira uliochoka, nywele zina njaa, tuzipe protini," aliwaambia. "Ukikatika papo hapo, zina kiu. Hizo zinataka maji na mafuta, na protini uiogope kama moto." Kwa sababu nywele kavu ukizishindilia protini hukakamaa, na zikishakakamaa huvunjika bila kupiga hodi.

Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kisura tangu anatambaa, alikuja Jumanne moja na mama yao, zikiwa zimebaki wiki saba aolewe. Nywele zilimfunika mabega zikashuka mgongoni.

"Zitazameni wenyewe," mama yao aliwaambia wateja, kana kwamba yeye ndiye aliyezisuka tumboni. "Huyu mkubwa Mungu alimpa mikono. Mwenzake akampa kichwa cha kusukwa."

Wateja walicheka. Msusi naye alicheka, akasukuma kilemba chake mbele kidogo. Mzaha huo alikuwa anaucheka tangu ana miaka sita.

"Zimeanza kukauka, dada," Kisura alisema akijibwaga kitini. "Nimesimama dukani nusu saa nzima mbele ya makopo, kila moja linajisifu. Nikasema, nina dada mimi, nahangaika nini? Nichagulie wewe."

Msusi akavuta unywele. Ulikatika papo hapo. Krimu ya maji na mafuta ilikuwa rafu ya chini, karibu na goti lake. Mkono wake ukaenda rafu ya juu, ukarudi na kopo la protini, lile analowapa wateja waliounguzwa na dawa.

"Hii. Kila baada ya siku mbili, ukae nayo kwenye joto dakika arobaini."

"Sawa, dada. Wewe ndiye fundi."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini nguo yenyewe hawakusema inawaza nini. Msusi hakumchukia mdogo wake. Alitaka siku moja tu, siku ya harusi, mama yao aingie ukumbini asiwe na cha kulinganisha. Siku moja katika miaka arobaini, basi.

Wiki ya pili Kisura alipiga simu kuwa nywele zimekuwa ngumu kama brashi ya kusugulia sakafu. "Ndiyo zinapata nguvu," Msusi alimjibu. "Ongeza." Wiki ya nne zilikuwa zinabaki kwenye mto vipande vipande. "Za zamani hizo zinatoka. Ongeza." Akakata simu, akaendelea kumsuka mteja wake.

Wiki ya sita Kisura aliingia saluni amejifunga kitambaa, mama yao nyuma yake akilia kama aliyefiwa. Kitambaa kilipofunguliwa, wateja walishika midomo. Hapa nywele za urefu wa kidole, pale hakuna kitu. Ilibaki kunyoa tu.

"Nyamaza, mama, dada amejitahidi," Kisura alisema, naye macho yamemvimba. "Nywele zangu ndizo korofi. Dada, ninyoe wewe. Mkono mwingine siutaki."

Msusi akawasha mashine. Alinyoa taratibu kuanzia kisogoni na, tusidanganyane, alinyoa kwa raha.

Alipomaliza, wateja waligeuka kutazama. Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya ya kukaushia nywele alichungulia, akasahau kurudisha kichwa. Kisura alikuwa na kichwa cha mviringo safi, shingo ndefu, na macho ambayo hakuna aliyewahi kuyaona vizuri kwa sababu ya zile nywele.

Mama yao aliacha kulia. Alikizunguka kiti, akampapasa mwanawe kichwani, kisha akacheka kwa sauti.

"Jamani! Kumbe nywele zilikuwa zinanifichia mwanangu!"

Halafu akamgeukia Msusi, akakitazama kilemba chake.

"Wewe usije ukajaribu. Kichwa chako nilikizaa mimi, nakijua."

Saluni nzima iliangua kicheko. Kisura alimkemea mama yake, akainuka na kumkumbatia dada yake kwa nguvu, akamnong'oneza asante. Msusi alisimama ndani ya mikono ile, mashine bado inanguruma mkononi, akiitafuta swichi kwa kidole asiipate.