Kikaratasi cha Fundi Saa

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kikaratasi. Hakikuzidi ukucha wa kidole cha mwisho, kimekunjwa mara tatu, kimepachikwa upande wa kushoto chini ya reli ambayo lenzi hutembelea ndani ya draivu ya sidii. Alidhani ni takataka tu, au panya wamefanya yao. Akakichomoa kwa ncha ya sindano, akakipuliza, kikaanguka sakafuni na vumbi jingine.

Mjomba wake, mwenye karakana ile ya kutengeneza kompyuta, alimwita Sindano. Kwanza kwa wembamba wake. Pili, draivu ikikwama na kugoma kufunguka, hakuna aliyempita kuchomeka sindano kwenye lile tundu dogo la mbele na kuivuta trei taratibu bila kuvunja hata jino moja la gia. Na tatu, mjomba alipenda kuwaambia wateja, "Sindano ina tundu, lakini haina mdomo." Wateja walicheka. Yeye alizidi kuinama juu ya kazi yake.

Karakana ilikuwa na sheria iliyozipita zote: ukikuta ndani ya mashine kitu usichokijua, usikiguse, uliza kwanza. Lakini kuuliza kunataka mdomo, na siku ile mjomba alikuwa katikati ya wateja wawili wenye sauti kubwa. Sindano akajiambia, ni kikaratasi tu.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mkunga mstaafu, mama mtu mzima aliyeingia ameikumbatia kompyuta kifuani ndani ya shuka, kama alivyowakumbatia watoto wa watu kwa miaka thelathini. Sidii moja ilikuwa imekwama ndani. Marehemu mumewe, fundi saa, alirekodi sauti yake kwenye sidii hiyo, kwa kompyuta hiyo hiyo, mwezi mmoja kabla koo halijamfunga kabisa.

"Uso wake ninao kwenye picha," alisema mkunga. "Sauti ndiyo inaniponyoka. Juzi nilijaribu kuikumbuka, nikapata ya kaka yake."

Kazi ilikuwa ya kawaida. Mpira unaoendesha trei ulikuwa umelegea, Sindano akauweka mpya. Lenzi ilikuwa na ukungu wa vumbi, akaifuta kwa pamba na spiriti. Sidii ikatoka salama. Draivu ikafunguka, ikafungika, ikasoma kila sidii ya majaribio aliyoitia. Ya fundi saa tu ndiyo iliyoikataa. Iliizungusha, ikaunguruma, ikajaribu mara tatu, ikanyamaza. Mjomba akaitia kwenye draivu nyingine sita. Wapi!

"Mama, hii sidii ulikuwa unaifuta?" mjomba aliuliza.

"Kila wiki. Kwa kitambaa laini kabisa, fundi."

"Unafutaje? Kutoka katikati kwenda nje, au kwa kuzungusha?"

Mkunga akazungusha kidole hewani.

"Basi ndiyo hivyo. Mikwaruzo ya kuzunguka ndiyo inayoua sidii, mama yangu. Hii imekufa."

Mkunga alikitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. "Kwa hiyo nimemfuta mwenyewe," alisema. "Kila wiki, kidogo kidogo, kwa mkono huu huu."

Sindano alikuwa amesimama na ufagio. Aliiona ile sidii kwenye mwanga wa dirisha. Mikwaruzo yake ilikuwa myembamba kama nywele za mtoto mchanga, na alishaona sidii zilizochakaa mara kumi ya hiyo zikisoma bila shida. Akakumbuka kikaratasi. Akainama haraka, akaendelea kufagia.

"Kompyuta nitaifuata kesho," mkunga alisema akifuta macho kwa ncha ya shuka. "Hiyo sidii itupeni. Msinionyeshe tena."

Alipoondoka, mjomba naye alitoka kwenda kutafuta kipuri. Sindano akabaki peke yake na ile draivu mezani, jua la alasiri likiwa limeingia hadi kwenye miguu ya viti.

Trei ikatoka.

Ilitoka polepole, tupu, kama mgonjwa anayemwonyesha daktari ulimi. Akairudisha ndani. Ikatoka tena. Mjomba alishamfundisha kwamba draivu inayojifungua ovyo ina kitufe kilichokwama au swichi chafu. Akasafisha kitufe, akasafisha swichi. Akairudisha ndani, akachomoa waya wa umeme, akautundika kwenye msumari wa ukutani, akakaa.

Trei ikatoka.

Aliutazama waya. Ulikuwa pale pale msumarini, ncha yake ikiyumba. Kelele za mtaani zilikuwa zimefifia, kana kwamba mtu ameziba masikio ya nyumba nzima kwa pamba. Ndani mlikuwa na harufu ya mafuta mepesi, si ya spiriti, si ya kitu chochote kilichokuwa kwenye rafu zao. Akataka kukimbia. Badala yake akafanya lile alilolizoea: akatazama kwa makini.

Trei ilikuwa imelalia upande wa kushoto, unene wa karatasi tu. Upande ule ule wa kikaratasi.

Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtia baridi. Draivu ilikuwa ikitetemeka tangu zamani, na fundi saa akaitilia kikaratasi itulie. Lenzi ikainama kidogo, na ikiwa imeinama hivyo ndivyo ilivyoiandika sauti yake. Barua iliyoandikwa daftari likiwa limelala ubavu haisomeki na mtu aliyekaa wima. Draivu zote sita za mjomba zilikuwa wima. Hii nayo ilikuwa imepinda peke yake duniani, mpaka yeye alipoinyoosha.

Alimwaga pipa la taka sakafuni akapiga magoti. Alipekua vumbi, vipande vya waya, pamba zilizotumika. Kikaratasi kilikuwa kimenasa kwenye unywele. Akafungua draivu, akakirudisha mahali pake kwa sindano.

Trei ikaingia yenyewe.

Hakuijaribu ile sidii. Haikuwa sauti ya kusikilizwa na yeye kwanza.

Asubuhi mkunga aliingia, akasimama mlangoni, akavuta hewa puani. "Siku hizi mnatumia mafuta ya saa?"

"Hapana, mama," mjomba akajibu. "Karibu. Mzigo wako uko tayari."

Sindano aliunganisha spika, akaitia sidii.

"We mtoto, si nimesema hiyo imekufa? Unamtonesha mama wa watu kidonda!" mjomba alifoka.

Draivu ikaunguruma. Ikajaribu mara moja, mbili, tatu, ikanyamaza. Mjomba akanyoosha mkono kuizima. Ikajaribu mara ya nne. Draivu ile haikuwahi kujaribu mara ya nne.

Spika zikakwaruza.

"Moja, mbili. Mke wangu, nasikika?"

"Unasikika," mkunga akajibu kabla hajajijua, akajiziba mdomo.

Sauti ilingoja kidogo, kama aliyesikia. Kisha ikasema, "Haya, basi... Hebu ngoja. Nani kanitolea kikaratasi changu?" Kikafuata kikohozi, na kitu kikiburuzwa mezani. "Aa. Kimerudi."

Mkunga alicheka huku machozi yakimtiririka. "Vikaratasi vyake, jamani! Kila kinachoyumba yeye anakitilia kikaratasi. Saa, meza, mpaka kitanda chetu. Na ukikitoa, utakoma!"

"Wazee wa zamani walikuwa na mambo," mjomba naye akacheka. "Una bahati, mama. Lakini usiifute tena kwa kuzungusha. Umeponea chupuchupu."

Kicheko kikamkauka mkunga. Akakitazama tena kidole chake. "Nimekoma, fundi. Mkono wangu huu!"

Kwenye kioo cha kompyuta sekunde zilikuwa zikihesabika, lakini spika hazikutoa neno. Mle ndani ya sidii mtu alikuwa akipumua. Hakuendelea. Alikuwa akingoja, kama anavyongoja mtu aliyeuliza swali na anajua mwenye jibu amesimama wapi.

Sindano, aliyekuwa ameshika tena ufagio, aliuweka chini.

"Ni mimi niliyekitoa," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Kikaratasi. Nilikikuta ndani ya draivu nikakipuliza, sikumuuliza mjomba. Si mkono wako, bibi. Mkono wako haukumfuta. Ni mimi, na jana niliyajua hayo, nikanyamaza, ukaondoka unalia."